Spacio inanuka maziwa na uvundo: imeoshwa ndani mara tatu, mvua ikinyesha harufu inarudi

mama_wa_soweto (Moshi)

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada kwa wanaoyajua magari kwa undani.

Gari ni Toyota Spacio new model, ya petroli, AC inapoza vizuri. Mapema Aprili dumu la maziwa lilifunguka mfuniko nyuma ya kiti cha abiria wa mbele, ikamwagika kama lita moja na nusu. Yalifutwa siku ileile kwa matambara. Tangu hapo ndani pameoshwa mara tatu kwa povu na brashi, viti pamoja na kapeti.

Hali ya sasa: gari likilala limefungwa, asubuhi ukifungua mlango unakutana na uchachu. Likishinda juani, uchachu unakuwa mkali wa kukera koo. AC ikiwashwa inatoka harufu nyingine, uvundo kama wa nguo zilizolala kwenye beseni, dakika mbili tatu kisha inafifia. Mvua ikinyesha usiku, kesho yake vioo vina ukungu kwa ndani na harufu zote mbili ziko palepale.

Nimeshajaribu vimti vya manukato, kahawa ya kusaga kwenye soksi, paketi nne za bikaboneti na chupa ya siki. Kuna anayenishauri magadi, mwingine mashine ya ozoni (inayotoa gesi ya kuua harufu). Nianzie wapi? Na je, kapeti lazima litoke?

---

kapeti_na_viti (Majengo, Moshi)

Dada, umeshafanya nusu ya kazi bila kujua, kwa sababu umezitenganisha harufu. Uchachu ni maziwa. Uvundo ni kuvu, na kuvu haiishi bila maji. Hiyo ya kurudi baada ya mvua inaniambia kuna maji yanaingia yenyewe, mbali na yale ya waosha magari. Kwa hiyo una matatizo matatu chini ya paa moja, na kila moja lina dawa yake.

Usinunue chochote kwanza. Pata tishu nyeupe kavu na tochi. Liache gari juani limefungwa saa mbili. Kisha fungua mlango mmoja tu, inama mpaka pua iwe karibu na kapeti, vuta pumzi mbili, funga. Nenda nje, zungukazunguka dakika tano, ndipo ufungue mlango wa pili. Pua huchoka haraka sana. Ukikaa ndani ya gari dakika tatu mfululizo, hutajua tena harufu inatoka wapi, utaona kama inatoka kila mahali. Watu wengi hukosea hapo na kuishia kuosha silingi wakati tatizo liko sakafuni.

Baada ya pua, njoo na tishu. Kunja vipande vinne vinne, weka kimoja kwenye kila sehemu ya miguu, kimoja chini ya kila kiti cha mbele, viwili nyuma kabisa chini ya zulia la buti. Kanyaga kila kimoja kwa uzito wako wote, hesabu hadi thelathini, kisha kiinue ukitazame. Kapeti la juu linaweza kuwa kavu kabisa mkononi na chini yake kumejaa maji. Uzito wa mguu ndio unaoyapandisha. Ikitoka tishu imelowa maji safi, hayo ni ya mvua au ya AC. Ikitoka na rangi ya manjano na inanata kidogo, hayo ni maziwa.

Sasa kuhusu kuosha kwa povu mara tatu. Chini ya kapeti kuna tabaka nene la vitambaa vilivyosagwa na kubanwa, kama blanketi la zamani. Maziwa yalipomwagika hayakukaa juu. Yalipenya, yakashuka kwenye hilo blanketi, yakafuata mteremko wa bati mpaka chini ya kiti cha mbele. Brashi inasafisha milimita chache za juu, na maji ya povu yanashuka kuwaongezea bakteria kinywaji. Gari likifungwa jioni likiwa na unyevu, umewatengenezea nyumba. Ndiyo maana kila baada ya kuosha harufu hupungua siku mbili halafu huja kwa nguvu zaidi.

Kwa hiyo ndiyo, kapeti lazima linyanyuliwe. Habari njema ni kwamba kwa maziwa ya upande mmoja huhitaji kulitoa lote, na huhitaji kufungua konsoli ya katikati. Chomoa kwanza waya wa hasi wa betri (hapo subirini mtu wa umeme aongeze, kuna jambo la kuangalia chini ya viti). Kiti cha mbele kushoto kina bolti nne, kwa Toyota nyingi ni spana namba 14. Kitoe nje. Vuta plastiki za kizingiti cha milango miwili ya kushoto, zimeshikwa na klipu, zinanyanyuka juu kwa mkono. Anzia mwisho mmoja, usipindishe katikati. Toa na plastiki ya chini ya nguzo ya kati ili kapeti liachie. Ukishafika hapo, upande wote wa kushoto unakunjika kuelekea katikati kama kona ya mkeka. Pachika chupa mbili tatu za maji chini yake lisirudi.

Utakachokiona ndicho kitakachoamua. Blanketi likiwa zima, lioshe. Likiwa linameguka mkononi na lina madoa meusi, lifumue ulitupe. Kwenye magari mengi limegandishwa na kapeti, basi kata ile sehemu mbovu tu kwa wembe. Nakusihi usijaze pengo kwa kipande cha godoro. Mafundi wengi hufanya hivyo kwa sababu vipande vya godoro ni rahisi kupata, lakini sponji ya godoro hunywa maji na kuyashika kuliko blanketi la mwanzo. Tafuta kapeti la gari kama hilo kwa wauza spea za magari yaliyokatwa, au blanketi la kuwekea chini ya zulia la nyumba.

Kuosha maziwa: maziwa ni mafuta na protini, na dawa yake ni enzimu, yaani vimeng'enya vinavyovunja mafuta na protini hizo. Chukua sabuni ya unga ya kufulia, soma nyuma ya paketi uone kama enzimu imetajwa. Zipo nyingi madukani. Vijiko viwili vya chakula kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, joto la maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Maji ya moto hapana. Yanagandisha protini ndani ya nyuzi, na yanaua enzimu zenyewe. Mimina mpaka ujazo uzidi ule wa maziwa yaliyomwagika, kwako wewe lita mbili au zaidi, juu na chini ya kapeti. Funika kwa nailoni pasikauke, uache saa sita hadi nane. Enzimu zinafanya kazi zikiwa majimaji tu. Ukisugua dakika kumi na kufuta, umetumia sabuni ya kawaida. Kisha vuta kwa vakyumu ya maji, suuza kwa maji safi, vuta tena, suuza tena. Bati la chini lifute kwa maji ya sabuni, uangalie na kutu.

Ukinyanyua kapeti utaona vizibo vya mpira kwenye sakafu ya bati. Kitoe kimoja cha sehemu ya chini kabisa, maji ya kusuuzia yatoke. Mwisho kirudishe, tafadhali. Kizibo kikibaki nje, vumbi na moshi wa ekzozi vinapanda ndani.

Kukausha ndiko watu wanakoharibu kazi nzima. Kipindi hiki cha Juni na Julai Moshi yetu ina mawingu mpaka mchana, usitegemee jua. Weka feni ya nyumbani mlangoni, ipulize chini ya kapeti saa 24 hadi 48 mfululizo, milango ya upande wa pili iwe wazi. Shika blanketi kwa vidole viwili ulibane: likiwa la baridi kuliko kapeti la upande mkavu, bado lina maji.

Na mikanda usiisahau. Vuta mkanda wa nyuma kushoto mpaka mwisho kabisa uuzuie na kibanio cha nguo usirudi. Ile sehemu inayolala ndani ya nguzo hushika matone ambayo hakuna mtu anayeyaona. Maji ya uvuguvugu na sabuni laini tu. Dawa ya klorini inadhoofisha nyuzi za mkanda.

---

fundi_ac_sakina (Arusha)

Mkuu wa Majengo amemaliza upande wa sakafu. Niongeze upande wa AC, maana ile dakika mbili tatu za uvundo ni ishara ya evaporeta.

Evaporeta ni ile rejeta ndogo iliyo ndani ya dashibodi. Inapopoza, unyevu wa hewa unaigandia na kuwa matone, yanashuka kwenye trei na kutoka nje kwa mpira mdogo chini ya gari, upande wa miguu ya abiria. Gari likizimwa AC ikiwa inafanya kazi, evaporeta inabaki imelowa, gizani, na vumbi juu yake. Kuvu inaota. Ukiwasha tena, upepo wa kwanza unaibeba harufu yote. Ikianza kupoza na kulowa, harufu hutulia. Ndiyo maana unaisikia mwanzoni tu.

Anza na chujio la hewa ya ndani. Fungua droo ya dashibodi upande wa abiria, toa vitu vyote, bana kuta zake mbili kuelekea ndani, droo itaning'inia chini. Nyuma yake kuna kifuniko chembamba cha plastiki chenye klipu. Ndani ndiko chujio. Baadhi ya magari yaliyotoka Japani hayana chujio kabisa, nafasi ipo tupu, na evaporeta ndiyo imekuwa chujio kwa miaka yote. Huku kwetu kwenye vumbi, kilometa 10,000 ni nyingi kwa chujio moja; likague kila unapomwaga oili. Usilioshe, usilipulize kwa kompresa ukalirudisha. Upepo unapanua matundu yake, na karatasi iliyolowa ni shamba la kuvu. Jipya likiwa na neno UP, liangalie juu. Likiwa na mshale wa hewa, ufuate upepo unakoelekea.

Chujio likiwa nje, ingiza mkono na tochi utazame upande wa feni. Majani, maua ya mjakaranda, pamba, mabua: vitu hivyo vinaingia kupitia matundu yaliyo chini ya waipa. Ukikuta vipande vya nguo na maganda ya mahindi, ni panya. Hapo vaa glovu na barakoa, nyunyizia kwanza mchanganyiko wa sehemu moja ya dawa ya klorini kwa sehemu tisa za maji, subiri dakika tano, ndipo uokote kwa karatasi iliyolowa. Usifagie kavu, usipulize, vumbi la kiota lisije likaingia kifuani. Feni yenyewe kwa magari mengi imeshikwa na skrubu tatu na soketi moja ya umeme, inashuka chini. Panya aliyekufa mara nyingi yupo kwenye lile gurudumu lake.

Jaribio la mpira: washa AC ya mwisho, hewa ya ndani, kwenye maegesho makavu, dakika 15. Chini ya gari upande wa abiria padondoke maji. Siku ya unyevu kama hizi za Moshi yatafanya dimbwi dogo. Yasipodondoka, mpira umeziba, na maji yanakwenda kwenye kapeti la mbele kushoto. Zibua kutoka chini kwa kipande cha waya laini wa plastiki, au upepo wa kompresa kidogo kidogo. Ukipuliza kwa nguvu, mpira unaweza kuchomoka ndani ya boksi na hapo huenda dashibodi ikabidi ishuke.

Kusafisha evaporeta: nunua povu la kusafishia AC, kopo lenye mrija mrefu, kwenye maduka ya spea. Gari limezimwa, chujio liko nje. Pitisha mrija kwenye nafasi ya chujio mpaka uguse mapezi ya evaporeta, puliza huku ukiurudisha taratibu. Usielekeze kwenye mota ya feni wala kwenye rezista yake (kipande kinachopangia feni kasi). Subiri dakika 20, povu ligeuke maji na kutoka kwa ule mpira. Yakitoka meusi, rudia. Kisha feni namba moja, AC imezimwa, joto limewekwa juu, vioo viko wazi, dakika 15. Wanaopuliza manukato kwenye matundu ya dashibodi hawafiki kwenye evaporeta hata kidogo. Wanaotumia siki au dawa ya klorini wanaila alumini, na evaporeta ikitoboka gesi yote inaondoka.

Baada ya hapo jenga tabia moja: dakika tano kabla ya kufika nyumbani, zima kitufe cha AC lakini feni iache izunguke na hewa ya nje. Evaporeta inakauka kabla gari halijalala.

---

dereva_kiborloni

Dada usihangaike sana. Magadi robo kilo na siki chupa moja changanya kwenye ndoo, mwagia sakafuni, likichemka povu linatoa kila kitu. Halafu ozoni saa nzima. Kwisha.

---

perege_himo

Kaka, nakupinga kwa heshima, kwa sababu hapo dada atapoteza pesa na kapeti.

Siki ni asidi. Magadi na bikaboneti ni kinyume cha asidi. Ukivichanganya vinamalizana ndani ya ndoo kabla havijagusa uchafu. Povu unaloliona ni hewa tu inatoka, na kinachobaki ni maji yenye chumvichumvi. Kila kimoja kina kazi yake, kikitumika peke yake.

Shombo la samaki, mfano ndoo ya perege wa Nyumba ya Mungu imevuja kwenye buti, huletwa na vitu vya upande wa magadi. Kwa hiyo linatulizwa na asidi: siki kikombe kimoja kwa vikombe viwili vya maji, au ndimu, kama vile unavyosugua mikono baada ya kuparua samaki. Uchachu wa maziwa wenyewe ni asidi, hivyo siki haiugusi, inauongezea. Ndiyo maana chupa ile ya siki haikukusaidia, dada. Maziwa yanataka bikaboneti, lakini baada ya enzimu na baada ya kapeti kukauka karibu kabisa: gramu 250 nyunyizia kavu, sugua iingie kwenye nyuzi, iache usiku kucha, vuta kwa vakyumu. Zile paketi nne zilinyunyiziwa juu ya uchafu uliokuwa chini, hazikuwahi kukutana.

Magadi yale ya sokoni yaachie kande na maharage. Ni makali kuliko bikaboneti, yanafifisha rangi ya kapeti, na yakikauka yanaacha ukoko mweupe unaovuta unyevu. Na kwa yeyote anayesoma: dawa ya klorini usiichanganye na siki wala usiimwage juu ya mkojo wa mtoto au wa mnyama. Inatoka gesi ya sumu, na ndani ya gari nafasi ni ndogo.

Ozoni ina mahali pake, hasa moshi wa sigara ulioingia kwenye silingi, ambayo huwezi kuilowesha bila gundi yake kuachia. Lakini inatumika mwisho, chanzo kikiwa kimeshatolewa. Nusu saa inatosha, pasiwe na mtu wala mnyama ndani, kisha milango wazi saa mbili. Ukiirudia mara kwa mara inakausha raba na kuzipasua. Juu ya blanketi lenye maziwa mabichi itakupa nafuu ya wiki moja.

Kahawa nayo itoe. Inafunika tu, na kwenye gari lenye unyevu itaota kuvu yenyewe.

---

umeme_ngarenaro

Kuhusu viti. Chini ya kiti cha mbele cha magari mengi kuna soketi za rangi ya njano. Hizo ni za eabegi au za mkanda unaojikaza. Chomoa waya wa hasi wa betri, subiri angalau sekunde 90 (mimi nashauri dakika tano), ndipo uguse soketi ya njano. Na kiti kikiwa nje, usiwashe swichi kabisa, hata kwa ajili ya kusikiliza redio. Taa ya eabegi itawaka na kubaki, utahitaji mashine ya kuifuta.

Kapeti likinyanyuka, fuata nyaya zinazopita kwenye kizingiti. Ukiona soketi ina unga wa kijani, maji yamekaa hapo muda. Safisha kwa dawa ya soketi na brashi ya meno, ikauke, uifunge juu ya bati, isilale sakafuni.

---

noah_ya_tengeru

Wakuu samahani kuingilia uzi wa dada. Noah old model, ndani kuna harufu ya moshi gari likiwa linapanda mlima, na abiria wa mbele analalamika kichwa. Nayo ni kapeti?

---

fundi_ac_sakina (Arusha)

Hapana mkuu, na yako ni ya haraka kuliko ya dada. Moshi wa ekzozi una kaboni monoksidi, ambayo haina harufu yoyote. Hiyo unayoisikia ni ya vitu vingine vinavyosafiri nayo. Mtu kuumwa kichwa ndani ya gari lenye moshi huenda ni dalili kwamba ameshaivuta. Usibebe abiria mpaka ikaguliwe.

Noah hiyo injini iko chini ya viti vya mbele. Kagua raba inayozunguka mfuniko wa injini ndani ya gari. Ikikakamaa au ikikatika, kila kinachovuja kinapanda. Injini ikiwa ya baridi, washa na usikilize kwenye maniforo (bomba la kwanza la moshi kwenye injini): mlio wa tik-tik-tik unaopungua ikipata moto ni gasketi imepasuka, na pembeni utaona masizi meusi. Kisha mabomba mpaka nyuma, halafu raba ya mlango wa nyuma.

Na kwa kuwa uzi umefunguka: harufu tamutamu yenye ukungu wa mafuta kwenye kioo cha mbele ni kulanti (maji ya kupozea injini), rejeta ndogo ya hita inavuja. Yai bovu ni betri inayochemshwa, pima chaji, ikizidi volti 15 alteneta ina tatizo. Betri ikiwa salama, tazama kataliti (kisafisha moshi kwenye bomba la ekzozi). Petroli baada ya kujaza tenki ni raba ya juu ya pampu, mara nyingi iko chini ya kiti cha nyuma. Oili inayoungua gari likisimama ni gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) inadondosha kwenye ekzozi. Hizi zote si za kuosha, ni za spana.

---

mama_wa_soweto (Moshi)

Asanteni sana, Mungu awabariki. Majibu ya vipimo haya hapa.

Tishu ya nyuma kushoto: manjano, inanata, inanuka. Chini ya kiti cha mbele kushoto: vilevile, hafifu. Mbele kushoto na mbele kulia: kavu. Nyuma kulia: imelowa maji safi, haina harufu ya maziwa, na pembeni ya kapeti karibu na kizingiti kuna mstari wa tope jembamba. Buti: kavu.

AC kwa dakika 15: maji yanadondoka vizuri. Chujio lipo, jeusi, lina majani juu. Hakuna panya.

Huo mlango wa nyuma kulia mwaka jana ulifunguliwa kubadilishwa mashine ya kioo. Je, vinahusiana?

---

kapeti_na_viti (Majengo, Moshi)

Vinahusiana moja kwa moja, dada. Umeshalipata la tatu.

Watu hudhani mlango unazuia maji yote kwenye raba ya kioo. Si kweli. Kila mvua ikinyesha, maji yanapita pembeni ya kioo na kuingia ndani ya mlango, ndivyo ulivyoundwa. Yanashuka mpaka chini na kutoka kwa vitundu vidogo kwenye ukingo wa chini wa bati. Kinachoyazuia yasije ndani kwako ni nailoni iliyobandikwa nyuma ya ile bodi ya mlango kwa gundi nyeusi isiyokauka. Fundi wa mashine ya kioo lazima aibandue hiyo nailoni ili afike kazini. Akiirudisha na vumbi kwenye gundi, au akiichana na kuiacha, maji yanaruka juu ya kizingiti na kuingia chini ya kapeti. Ule mstari wa tope ndio njia yake. AC yako imepona kesi ya maji. Kwake badilisha chujio na kupuliza povu tu.

Hakikisha kabla ya kufungua. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine nje na mpira wa maji usio na presha, amwagie chini ya kioo kwa dakika tatu. Asianzie juu ya paa, ukimwaga juu kwanza maji yatapita kila mahali na hutajua lipi ni lipi. Anza chini, panda. Wa ndani atazame ukingo wa chini wa bodi ya mlango. Wakati huohuo tazameni vile vitundu vya chini: maji yasipotoka hapo, vimeziba kwa tope. Vizibue kwa kijiti cha mshikaki kilichokatwa ncha. Bisibisi inakwangua rangi na kutu itaanzia hapo.

Kisha bodi itoke: skrubu ya nyuma ya mkono wa kufungulia, skrubu ya ndani ya mahali pa kushikia mlango, ndipo klipu za pembeni. Zianzie chini. Klipu mbili tatu zitavunjika, nunua akiba kabla. Nailoni ikiwa nzima, futa gundi kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, bandika utepe mpya wa gundi nyeusi ya butili kuzunguka wote, bila pengo hata la upana wa kidole, hasa kona mbili za chini. Ikiwa imechanika, kata mpya kwa karatasi nene ya nailoni ya kufunikia zege, ukitumia ya zamani kama kipimo. Ncha yake ya chini iingie ndani ya uwazi wa bati, isilale juu yake. Ikilala nje, maji yatateleza juu ya nailoni na kuja kulekule. Silikoni usitumie. Ile yenye harufu ya siki inaleta kutu kwenye bati, haishiki nailoni, na fundi ajaye hataweza kuitoa bila kuichana.

Mpangilio wa kazi uwe hivi: mlango kwanza, maana ukikausha kapeti na mlango bado unavuja umefanya kazi ya bure. Halafu kushoto enzimu. Kulia hakuna maziwa, inua kapeti, vuta maji, kausha kwa feni pamoja na kushoto. AC mwisho, viti na betri vikisharudi.

Usirudishe viti siku hiyohiyo ukiona pamekauka. Laza kapeti bila kufunga klipu, weka tishu kavu chini ya blanketi pande zote mbili, funga gari usiku mmoja. Zikiamka kavu, mwagia ule mlango maji dakika kumi, uache tena usiku wa pili. Zikiwa kavu tena, funga bolti za viti, rudisha soketi za njano, na betri iwe ya mwisho kabisa.